Kardani Imekwama? Simama Kwanza!

Ndugu wafanyakazi, wamama wa kambi, na ninyi vijana mnaopenda mashini,

Leo ukurasa huu hauzungumzi juu ya mgodi. Unazungumza juu ya lupango, siku ya mapumziko, motokari imeinuliwa chini ya mwembe na baba wa nyumba amelala chini yake. Fasi ile hakuna shefu wa usalama, hakuna kaske, hakuna kibao cha hatari. Kuna kriki moja, mawe mawili, na kardani ambayo imekataa kutoka.

Mimi ni msaidizi wa mganga, si fundi wa motokari. Nilijifunza kazi katika shule ya ufundi, na wengi niliosoma nao ni mafundi wa garaji. Mambo ya chuma ninayoandika hapa nimeyauliza kwao. Lakini mkono uliopondwa, jicho lenye kipande cha chuma, kifua kilichobanwa, hayo hayapiti garaji. Yanafika kwetu, kwenye dispanseri. Na ninapomuuliza mgonjwa, "Ilikuwa namna gani, baba?", jibu mara nyingi ni moja: "Kitu kilikwama, nikaongeza nguvu."

Neno hili, "nikaongeza nguvu", ndilo ninalotaka kupigana nalo leo. Wazo langu ni hili: dakika ambayo kitu kinakwama ni dakika ya kusimama. Mtu anayesimama hapo anarudi kazini kesho na vidole vyake kumi. Mtu anayekasirika na kuvuta zaidi, yule ndiye tunayemngojea kwenye dispanseri.

MGODINI TUNAJUA, NYUMBANI TUNASAHAU

Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeingia chini ya mwamba usioshikwa. Anaupiga kwanza kwa chuma, anasikiliza sauti yake, anatazama nguzo. Anajua kwamba jiwe halina huruma. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwaka 1990, wakati sehemu ya katikati ya mgodi wa chini wa Kamoto ilipoporomoka. Mlima ule ulionekana mgumu kwa macho, lakini kilichokuwa kinaubeba kilishindwa.

Sasa, motokari ndogo ina uzito wa kilo 1000, mara nyingi hata zaidi. Mtu yule yule ambaye mgodini hakubali kupita chini ya jiwe la kilo 50 linalotikisika, nyumbani analala kifua juu chini ya kilo 1000 zinazosimama juu ya kriki nyembamba. Juu ya nini? Kwa sababu motokari ni yake, lupango ni yake, na hakuna anayemtazama. Lakini uzito haujui mwenye mali ni nani.

Na kazi ya kardani ni mbaya kuliko kazi nyingi za motokari. Kubadilisha mafuta hakutikisi kitu. Kardani iliyokwama inataka kusukumwa, kupigwa na kuvutwa, na kila pigo linaitikisa motokari yote juu ya kriki. Mtu anafanya kwa mikono yake mwenyewe kile ambacho kitaiangusha juu yake.

JUU YA NINI KARDANI INAKWAMA

Katika motokari ambazo injini inazungusha magurudumu ya mbele, kuna kardani mbili, moja kwa kila gurudumu. Upande wa nje kardani inaingia katikati ya gurudumu na inashikwa na ekru kubwa. Upande wa ndani inaingia katika bwati ya vitesi, ikipita ndani ya mpira unaozuia mafuta yasitoke.

Kwenye motokari nyingi, ncha ya ndani ina mfereji mdogo, na ndani ya mfereji huo kuna pete ya chuma chembamba iliyo wazi upande mmoja. Pete ile ni sawa na resori. Kardani ikiingia, pete inabanwa. Ikifika mwisho, inafunguka na kushika. Ili kardani itoke, pete lazima ibanwe tena. Ndiyo maana kuvuta polepole kwa nguvu nyingi hakufai kitu. Kinachofaa ni pigo fupi, la haraka, lililonyooka.

Inakwama kwa sababu tatu. Pete imezeeka, imepinda au imelika, nayo inashika vibaya. Au kutu imeingia kwenye meno ya kardani, zaidi upande wa gurudumu, ambako maji ya mvua na matope yanafika. Au fundi anaisukuma upande mmoja tu, kardani inalala upande, na pete inazidi kushika. Sababu hii ya tatu ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu inaonyesha kwamba mara nyingi si kardani inayotushinda. Tunaifunga sisi wenyewe kwa nguvu zetu.

Tena si kila motokari ina pete. Kwenye Volkswagen nyingi kardani inafungwa na buloni kuzunguka sahani ya chuma. Kwenye Renault kadhaa za zamani kuna pini inayopita ndani yake. Kwenye Peugeot nyingi kardani ya upande wa kuume ni ndefu, inapita katika rulema iliyoshikwa nyuma ya injini na buloni mbili ndogo. Zisipolegezwa na kugeuzwa, utavuta mpaka jioni bure. Basi, kwanza ujue kinachoshika, kisha ndipo ufikiri kuvuta.

MOTOKARI KWANZA, KARDANI NYUMA

Mbele ya kugusa kardani, tengenezeni fasi ya kazi. Fuateni hatua hizi moja kwa moja:

1. Tafuta udongo mgumu na ulio sawa. Wakati wa mvua udongo wetu mwekundu unakuwa laini, na kriki inazama bila sauti. Weka chini yake ubao mnene na mpana.

2. Legeza ekru kubwa ya katikati ya gurudumu wakati motokari ingali chini, magurudumu yote yanakanyaga udongo, freni imeshikwa. Ekru hii imefungwa kwa nguvu nyingi sana. Anayeifungua motokari ikiwa juu anacheza na maisha yake.

3. Vuta freni ya mkono, na uweke mawe mazito au vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini.

4. Inua kwa kriki, lakini usiiachie kriki kubeba. Kriki ni ya kuinua tu. Kubeba ni kazi ya miguu ya chuma ambayo mafundi wanaiita shandeli. Asiye nayo atumie magogo manene ya mti mgumu, yaliyopangwa kwa kupishana, mapana chini. Matofali hapana! Tofali la simenti lenye matundu linaonekana lenye nguvu, kisha linapasuka mara moja, bila kukuonya.

5. Gurudumu ulilolitoa, lilaze chini ya ubavu wa motokari. Shandeli ikiteleza, gurudumu litaacha nafasi kidogo. Nafasi ile kidogo inaweza kuwa pumzi ya mtu.

6. Sukuma motokari kwa mikono kabla ya kuweka kichwa karibu. Ikicheza, teremsha na anza tena. Ni afadhali ianguke wakati hakuna mtu chini.

7. Usifanye kazi peke yako. Kifua kilichobanwa hakivuti pumzi, na asiye na pumzi hawezi kuita. Mke anayepika nyuma ya nyumba hatasikia kitu. Ubongo usiopata hewa unaanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Lazima mtu mzima mmoja awe pale, amesimama, akitazama.

Tena neno moja: kazi hii inaweza kufanywa kwa sehemu kubwa ukiwa umekaa ubavuni, penye nafasi ya gurudumu, kichwa na kifua vikiwa nje. Anayefikiri kwamba lazima alale chini kabisa, mara nyingi anafuata desturi tu.

NAMNA YA KUITOA BILA VITA

Mwaga kwanza mafuta ya bwati ya vitesi katika chombo, wakati injini imepoa. Usipoyamwaga, yatakumwagikia usoni kardani ikitoka, na mtu aliyepofushwa na mafuta anageuka kwa haraka na kugonga kila kitu.

Upande wa gurudumu, kama kardani imeshika kwa kutu, tia mafuta ya kulegeza na ungoje. Kungoja ni kazi vilevile. Rudisha ekru mpaka iwe sawa na ncha ya kardani ili meno yake yasiharibike. Kisha usipige chuma kwa chuma. Weka kipande cha shaba katikati ya nyundo na kardani. Sisi watu wa nchi hii tunatoa shaba udongoni, basi ituhudumie na nyumbani: shaba ni laini, haiharibu ncha ya kardani, wala hairushi vipande vikali kama chuma kigumu kinavyofanya.

Upande wa bwati ya vitesi, tumia vyuma viwili vya kusukumia, kimoja huku na kimoja upande wa pili, vikisukuma kwa wakati mmoja. Hivyo kardani inatoka imenyooka. Usiingize ncha ya chuma ndani sana, maana utapasua mpira wa mafuta. Usiegemeze chuma fasi nyembamba, maana bwati nyingi ni za aluminiumu na zinapasuka. Ikikataa, izungushe robo ya mzunguko, jaribu tena. Pete inabadilisha ulalo wake, na mara nyingi kardani inatoka wakati huo kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Usivute kardani kwa kushika fimbo yake ya katikati. Kiungo cha ndani kinaweza kuachana, mpira wake ukapasuka, grisi ikamwagika. Ulikuwa na kazi moja, sasa una kazi mbili. Na kama unatoa kardani zote mbili, mafundi wanashauri kuziba matundu kwa kitu cha kiasi kile kile, ili meno ya ndani yasiteleze kutoka mahali pake.

Usitie moto. Pale kuna mafuta, kuna mpira, na pengine esanse karibu.

Ukisukuma chuma, tazama kwanza: kikiteleza, mkono utagonga wapi? Kichwa kiko wapi? Weka uso kando ya njia ya chuma. Sukuma kwa kiganja kilicho wazi. Vidole vilivyozunguka chuma ndivyo vinavyopondwa.

Na sheria yangu ya mwisho hapa: mara tatu tu. Umejaribu mara tatu kwa njia nzuri, kardani haikutoka? Weka vyombo chini. Nenda ukanywe maji. Ukirudi, jiulize: kuna buloni sikuiona? Kuna pini? Usipopata jibu, mwite fundi mwenye nyundo ya kuteleza, ile inayofungwa kwenye kardani na kuvuta kwa pigo. Kumwita fundi si haya. Haya ni kumwacha mke na watoto kwa sababu ya kipande cha chuma.

HATARI IKIFIKA

Kama motokari imemwangukia mtu kifuani au shingoni: iteni watu, inueni mara moja, wekeni magogo chini kadiri mnavyoinua. Asiingie mtu wa pili chini yake kabla haijashikwa. Mtu akitoka, tazama kama anapumua. Kama hapumui, anayejua afanye kazi ya kumpumulisha na kukandamiza moyo, mwingine akimbie kutafuta gari la hospitali.

Kama ni mguu au mkono uliobanwa: mpelekeni hospitali hata akisema hasikii maumivu. Mwambieni mganga ulibanwa kwa muda gani. Nyama iliyopondwa inatia sumu katika damu, na sumu ile inaweza kuharibu mafigo saa nyingi nyuma, wakati kila mtu anafikiri hatari imepita.

Kama kipande cha chuma kimeingia jichoni: usisugue, usikivute, usitie dawa wala maziwa. Funika jicho kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe safi, na uje upesi. Vipande vingine ni vidogo sana, mtu anasikia kama mchanga tu, anangoja siku tatu, kisha jicho limepotea. Miwani ya kazi ni nyepesi kuliko maisha ya jicho moja.

Kama damu inatoka: bana kidonda kwa kitambaa safi, bana kwa nguvu na usifungue kila mara kutazama. Kama kidole kimekatika, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko ule uuweke juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Njoo nacho.

Juu ya kidonda chochote, usipake mafuta ya motokari, wala udongo, wala majani. Kidonda chenye udongo na grisi ni nyumba ya tetanosi, yaani pepopunda. Wamama wengi wanapata sindano yake wakati wa mimba. Wababa wengi hawajui kama waliwahi kuipata. Njooni na karatasi zenu za chanjo, tutazitazama pamoja.

MANENO YA FEZA

Najua jibu lenu. "Msaidizi, unasema vizuri, lakini fundi anataka franka, na mshahara una watoto sita mbele yake." Ni kweli, nami sitawacheka. Motokari ya mfanyakazi mara nyingi ndiyo kazi yake ya pili: inabeba unga wa jirani, inabeba wagonjwa, jioni inakuwa taksi. Ikilala siku tatu, nyumba inasikia.

Ndiyo maana sisemi: msitengeneze motokari nyumbani. Anayesema hivyo hajui maisha yetu. Ninasema: tengenezeni kama watu wa kompani, watu waliofundishwa usalama. Hesabuni vilevile hesabu yote, si nusu yake. Mtu anahesabu franka za fundi, lakini hahesabu miezi mitatu bila mkono. Hahesabu mke anayeuza vitu vya nyumba ili kulipa taksi ya kwenda hospitali kila siku. Hahesabu mtoto anayeacha shule.

Ninalo shauri moja. Barabara nyingi za kambi zina likelemba. Kila mwezi mmoja anapokea, ananunua sahani au mabati. Kwa nini zamu moja ya likelemba isinunue shandeli mbili nzuri, miwani miwili na nyundo ya kuteleza, vikae kwa mzee mmoja wa barabara, na kila anayehitaji aazime? Nyumba ishirini zikishirikiana, hakuna atakayeumia mfukoni. Na mzee yule awe na ruhusa ya kumwambia mtu aliyekunywa pombe: "Leo hapana, mwanangu. Rudi kesho."

Ninyi wamama, msiseme kwamba haya ni mambo ya wanaume. Mnayo haki ya kuuliza swali moja mbele ya baba kuinama: "Inasimama juu ya nini?" Akijibu "kriki", mwambieni angoje. Ondoeni watoto, maana mtoto anapenda kuchungulia chini pale baba yake alipo. Na mafuta au esanse isikae katika chupa ya limonadi. Mtoto hasomi hatari, anaona chupa ya sukari. Aliyekunywa esanse msimtapishe, mleteni mara moja.

Ninyi vijana mnaojifunza kazi kwa kumtazama baba: shikeni kile anachofanya vizuri, na mkimwona chini ya kriki peke yake, leteni magogo bila kungoja kutumwa. Huo ndio heshima.

Kardani mpya inapatikana sokoni, na ya zamani kwa wauza vyuma. Bwati ya vitesi vilevile. Lakini baba wa watoto haji katika mizigo. Kitu kikikwama, simama, tazama kinachoshika, imarisha kinachobeba, mwite mwenzako. Kisha endelea na kazi, au uiache mpaka kesho.

Kazi njema, na mapumziko mema.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya kambi